Jengo moja huduma kibao, naupa nyota 5
Jamani huu mtindo wa kuweka maktaba, kliniki na bwawa la kuogelea kwenye jengo moja naukubali sana, maana mji mdogo ulioshajengwa wote hauna tena kiwanja kitupu, ukitaka kuongeza kitu ni upande juu au uvunje cha zamani. Singapore walifanya hivyo kwenye jengo linaloitwa Our Tampines Hub, limefunguliwa rasmi 2017 palipokuwa na stediamu, na uwanja wa mpira bado upo humohumo katikati, afu kaunta moja inakumalizia shida za ofisi kibao za serikali. Hapo ndo wamepatia! Ila wanaopanga wasisahau lifti, ikiharibika mzee wa magongo atafikaje kliniki ghorofani? Na hela ya matengenezo itengwe mapema, sio wasubiri paa livuje.