Ziwa lilifungwa, rejesho halikufungwa

Mimi ni muuza dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, chanja zangu za kuanikia dagaa zilikaa tupu hadi kuku wakatagia juu. Mkopo wa nyumba je? Nikaenda kwa walionikopesha, jina silitaji. Dada wa dirishani akadai hati ya mshahara. Mshahara! Mimi mwajiri wangu ni giza la mwezi, dagaa wanapovuliwa.

Safari ya tatu, bwana mikopo akafungua daftari langu la mauzo. Linanuka dagaa, akasogeza kiti. Akanikubalia nilipe riba tu miezi mitatu. Kwamba jumla ya riba itapanda, hakusema mpaka nilipomuuliza.

Nawapa nyota tatu. Nendeni na daftari kabla rejesho halijapita tarehe.