Nilipaka silki ya 6,800, nikaokolewa na chokaa ya 650

Tunakaa chini katika nyumba kongwe Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa: sebule, chumba kimoja cha kulala, jiko, na ukumbi mwembamba ambao ukifungua mwavuli umejaa. Mimi, mume wangu, mtoto wa miaka mitatu na mdogo wake, ambaye wakati huo ndio kwanza anajifunza kukaa. Kodi tunaiweza. Kuta ndizo zilizotushinda. Zilikuwa na rangi ya samli iliyogeuka kama chai ya maziwa iliyolala, na kila ukiegemea unaondoka na vipande mgongoni.

Mwenye nyumba tulimwomba ruhusa kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo, na akakubali tukate nusu ya gharama kwenye kodi mradi tumwonyeshe risiti. Kama umepanga, anza hapo. Bila ule ujumbe angesahau, na simlaumu, ana nyumba nyingi.

Februari, kaskazi inavuma, jua kali, nikaingia duka la vifaa vya ujenzi na hesabu yangu kwenye karatasi. Sebule ni mita 3.5 kwa 4, kwenda juu mita 3. Ukizunguka kuta nne unapata mita za mraba 45. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 40. Mikono miwili ni 80. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufika mita 10 hadi 12, kwa hivyo lita 8, makopo mawili ya lita 4. Hesabu hiyo ilikuwa sawa mpaka tone la mwisho, na mpaka leo najisifu nayo. Kilichokosewa ni aina ya rangi. Muuzaji alinishauri silki, ile yenye kung'aa kidogo, kwa sababu "una watoto, hii unapangusa na kitambaa". Maneno matamu kwa mama ambaye mwanawe anachora na karoti. Nikalipa 3,400 kila kopo. Fundi siku mbili, 1,200 kila siku; msasa, filla na rola 800. Jumla 10,000.

Fundi mwenyewe alikuwa mzuri. Alikuja saa moja asubuhi kama alivyosema, akafunika sakafu, akapiga msasa, na kingo za dari alizipita kwa mkono bila selotepu zikatoka zimenyooka. Ila kuna neno alilisema siku ya kwanza huku ameshika ukuta karibu na sakafu: "Mama, huu ukuta una maji." Nikamjibu kwamba ni Februari, maji yatoke wapi. Akanyamaza, akaendelea na kazi. Hapo nampunguzia alama, angenibishia zaidi. Na mimi najipunguzia zangu, kwa sababu alisema.

Miezi miwili sebule ilikuwa kama ya harusi. Masika ikaanza. Kufika Juni, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi ilivimba malengelenge makubwa kama ya mkate wa ufuta. Ukilibonyeza moja linapasuka, na ndani unakuta unga mweupe. Mtoto alifurahi sana. Alilamba. Ni chumvi.

Mavyaa wangu alikuja siku ya Ijumaa, akakaa, akatazama ukuta kabla hata ya kunipokea mtoto mikononi. "Mwanangu, ukuta umeuvisha nailoni. Wapumulia wapi?"

Nilikasirika, kisha nikaenda kuuliza wanaojua nyumba hizi, na kumbe amesema kweli. Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, zimeshikanishwa kwa chokaa. Jiwe hilo lina matundu. Linanyonya maji kutoka ardhini, maji yanapanda yakibeba chumvi, yakifika usoni pa ukuta yanakauka na chumvi inabaki. Ukuta ukipakwa kitu kinachopitisha hewa, chumvi inaanguka sakafuni kama vumbi, unafagia. Ukuta ukifunikwa na ngozi ya plastiki, na silki ni ngozi ya plastiki, unyevu unakosa mlango na chumvi inaisukuma rangi kwa nguvu mpaka inabanduka. Fundi wa pili niliyemwita alitaka kupiga plasta ya saruji mita moja kutoka chini "tuufunge kabisa". Bei yake ilinikimbiza, namshukuru Mungu. Saruji ingefanya kosa lile lile kwa gharama kubwa zaidi, na maji yangepanda mpaka juu ya plasta.

Basi chokaa. Mfuko wa kilo 25 kwa 650, brashi pana ya 150, glavu 100, unga wa oksaidi nyekundu nusu kilo 200, na buluu ya kufulia ya shilingi 20. Jumla 1,120, na fundi sikuita.

Kazi ngumu ni kuvua ile nailoni. Chokaa haishiki juu ya silki, kwa hivyo ile mita moja ya chini tuliikwangua yote, mimi na mume wangu, usiku mbili. Watoto tuliwapeleka kwa mavyaa, na hili sitanii: chini ya silki kulikuwa na rangi za miaka na miaka, na milango ina rangi ya mafuta ambayo hakuna anayejua ilipakwa lini. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Tulilowesha kabla ya kukwangua ili vumbi lisiruke, tukakusanya maganda kwenye mfuko, tukapiga deki mara mbili. Msasa mkavu usithubutu. Baada ya hapo tuliuacha ukuta uchi wiki tatu ukauke, na kila asubuhi nikaufagia chumvi kwa brashi kavu. Usiioshe: maji yanairudisha ndani.

Chokaa yenyewe unailoweka usiku kucha kwenye ndoo ya plastiki, kesho yake unaichuja kwa kitambaa, na unaipaka ikiwa nyepesi kama maziwa. Ukuta uunyunyizie maji kwanza. Mkono wa kwanza utakuvunja moyo, utaona kama umepaka maji machafu tu. Ngoja. Inapokauka ndipo inajitokeza, na kadiri siku zinavyopita inashika zaidi kwa sababu inavuta hewa ukaa na kugeuka kuwa jiwe tena. Tulipaka mikono minne, mmoja kwa siku. Ile oksaidi tuliikoroga kwenye maji ya moto kabla ya kuichanganya, ikatoa rangi ya udongo wa Taita, lakini ikikauka hupauka sana, kwa hivyo jaribu kwenye kona na usubiri siku nzima kabla ya kuamua. Jikoni sikutia oksaidi, nilidondosha buluu ya kufulia kidogo na weupe ukatoka mkali. Vaa glavu, na jicho ulilinde. Chokaa inachoma, si mchezo.

Aibu yake ni moja: inapaka nguo. Mgeni akiegemea, kanzu inaondoka na alama. Ndiyo maana nyuma ya kiti kirefu tumetundika mkeka wa miyaa wa 500, tumeuning'iniza kwenye fimbo ili uwe mbali kidogo na ukuta hewa ipite. Ukiupigilia misumari ukabana, utaota ukungu.

Vitu vingine vidogo. Mlango wa chumba, upande wa ndani, nusu ya chini tumeupaka rangi ya ubao wa shule: kopo la lita moja 900, tukatumia robo tatu kwa mikono mitatu. Mbao ni kavu, haina shida ya chumvi. Pesa hiyo ndiyo iliyonirudia haraka kuliko zote, kwa sababu yule wa karoti sasa anachora hapo na chaki, na kuta zimepata amani kiasi.

Mapazia ni leso. Doti moja Biashara Street kwa 700, vipande viwili, madirisha mawili, hakuna kushona zaidi ya upindo wa kupitisha kamba. Mimi nilichagua rangi tu, jina sikulisoma. Lilikuwa "Hasidi hana sababu", na dirisha moja linatazama mlango wa jirani ng'ambo ya kichochoro, maandishi yametoka nje vizuri kabisa. Siku nne hakunisalimu. Nimeigeuza maandishi yaje ndani, sasa hasidi ni mimi na mume wangu.

Kuna walioniuliza kwa nini nisingepaka chokaa nyeupe kote, nifuate mji, maana tangu 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yawe meupe na buluu. Nje ni ya kaunti. Ndani nataka kuona rangi ya udongo.

Silki ya juu tumeiacha. Huko ukuta ni mkavu na kweli inapanguswa kwa kitambaa, muuzaji hakudanganya, aliuza tu kitu sahihi kwa ukuta usio sahihi. Kama unakaa ghorofani, au Bamburi kwenye nyumba ya matofali mapya isiyo na unyevu, ichukue bila wasiwasi. Kama unakaa chini na nyumba ni ya mawe ya zamani, weka kiganja ukutani karibu na sakafu wakati wa masika, si wakati wa kaskazi, kabla hujafungua pochi.

Masika nyingine imepita. Kona moja nyuma ya mlango wa ukumbi bado inatoa chumvi. Kila mwezi naifagia, naipaka kikombe kimoja cha chokaa, dakika ishirini. Iliyobaki iko kwenye ndoo chini ya ngazi, maji vidole viwili juu yake isikauke, na mwenye nyumba ameshauliza kama inatosha chumba cha juu.