TAHADHARI: "RAM yako imejaa" – mchezo wa Windows 11 hapa Malindi

Wenzetu wa Malindi, Watamu na Gede, hasa walimu, makarani na wanafunzi mnaotumia laptop za ex-UK, kaeni macho. Kuna mafundi wanapita maofisini na wengine wana meza zao mjini, na mchezo wao ni mmoja: kukuuzia RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. Unaambiwa Windows 10 imefungwa, lazima uwekewe 11. Ukishawekewa, mashine inakuwa nzito. Unairudisha, fundi anafungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyotumika), anakuelekeza kidole kwenye asilimia 75 au 80 na kukwambia, "Waona? RAM imejaa, tukuuzie nyingine." Hapo ndipo watu wanapoingizwa mkenge. Wengine huuziwa RAM isiyokuwepo, wengine huuziwa ile ile yao.

Tuanze na hilo la kufungwa. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimi kwa sababu hiyo, na faili zako haziendi popote. Kilichokoma ni viraka vya usalama, na hata hivyo mtumiaji wa nyumbani anaweza kujiandikisha apate viraka hivyo mpaka 13 Oktoba 2026. Mlango wa kujiandikisha uko ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update, na ukiwa na akaunti ya Microsoft iliyowashwa kuhifadhi mipangilio yako hulipi kitu. Kwa hiyo anayekuharakisha kwamba "kesho haitawaka" anakudanganya.

Windows 11 nayo ina masharti: RAM ya GB 4 kwenda juu, diski ya GB 64, chipu ya usalama TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa kawaida iwe kizazi cha 8 au baadaye. Tazama namba ya prosesa: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Laptop nyingi za ex-UK zinazouzwa hapa ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Fundi anaweza kuruka masharti hayo kwa flashi aliyoiandaa na Windows itaingia, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine ya aina hiyo. Akwambie kabla ya kuigusa, asikwambie baadaye.

Sasa hiyo asilimia. Windows 11 ikiwa imetulia tu kwenye laptop ya GB 8, bila kufunguliwa chochote, si ajabu ikatumia GB 3 hadi 4. Ukifungua Chrome yenye kurasa kumi na Word, asilimia 70 inafika, na hakuna kilichoharibika. Windows haipendi RAM ikae bure. Huduma yake iitwayo SysMain hupakia mapema programu unazozitumia sana, na faili ulizozifungua hubaki pale pale zikisubiri. Sehemu hiyo huandikwa Cached. Ni kama watu waliokaa barazani: akija mgeni, husogea wakampisha. Anayekuonyesha Cached ya GB 3 akasema hiyo ni RAM iliyoliwa, ama hajui kazi ama anakujua wewe hujui.

Jambo jingine wanalolitumia sana ni saa za mwanzo. Mashine ikitoka kubadilishwa mfumo ina kazi nyingi za chinichini: inaorodhesha faili zako upya ili utafutaji ufanye kazi, Defender, kinga ya Windows dhidi ya virusi, inapekua diski, masasisho na madreva yanashuka kwenye intaneti. Kwenye laptop yenye diski ya zamani inayozunguka, kazi hizi zinaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na muda huo wote feni inavuma na kila kitu kinakokota. Fundi mjanja anajua hivyo, ndiyo maana anakwambia "ukiona nzito, nirudishie kesho." Usirudi kesho. Iache kwenye chaji na Wi-Fi usiku kucha, kifuniko kikiwa wazi na ukiwa umeizuia kulala kwenye Settings, halafu uipime siku ya pili au ya tatu.

Kuipima ni hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, ingia Performance, kisha Memory. Usiitazame asilimia. Tazama Available ukiwa umefungua vitu unavyovifungua siku zote. Ikiwa imebaki GB 1 au zaidi, RAM si tatizo lako. Ikishuka chini ya nusu GB, na ukigusa Disk unaona iko 100% bila kushuka, hapo kweli unahitaji RAM, kwa sababu Windows imeanza kuhamishia kazi kwenye diski. Lakini kama Available ni kubwa na Disk ndiyo iko 100%, dawa ni kubadilisha diski uweke SSD, ile isiyozunguka. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa: wanaongeza RAM kwenye mashine ambayo ugonjwa wake ni diski, na nzito inabaki nzito.

Kuhusu GB 4 tuseme ukweli. Windows 11 itawaka, ila itakutesa. Mwenye GB 4 akiambiwa aongeze, ushauri ni sahihi, na kinachobaki ni kuangalia anauziwa nini.

Ujanja wa kwanza ni "RAM ya programu". Fundi anaingia mipangilio ya virtual memory, anaandika 8192, anawasha upya. Kisha anakuonyesha Committed, ambako namba ya pili imepanda, tuseme kutoka 9 hadi 16, na kukwambia umeongezewa GB 8. Hujaongezewa RAM hata chembe. Ametenga faili kwenye diski yako, ile ile diski iliyokuwa imelemewa. RAM halisi ni namba iliyo juu kulia kwenye ukurasa wa Memory, na haibadiliki mpaka mashine ifunguliwe kwa bisibisi. Kuirudisha: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kwenye Performance bonyeza Settings, Advanced tena, Change, halafu tia alama pale juu panaposema Windows ijipangie yenyewe.

Ndugu yake ni programu za "kusafisha RAM". Hizi huzilazimisha programu zako zote ziachie nafasi ziliyoishika kwenye RAM, namba inashuka mbele ya macho yako kutoka 75 hadi 40, unafurahi. Dakika mbili baadaye programu zile zile zinavihitaji vitu vile vile, vinasomwa tena, vingine kutoka kwenye diski, na mashine inakuwa nzito kuliko mwanzo. Biashara hii si mpya. Mwaka 1995 Marekani iliuzwa programu iitwayo SoftRAM95 kwa ahadi ya kuzidisha RAM mara mbili, ikagunduliwa haizidishi chochote, na tume ya biashara ya serikali yao ikaichukulia hatua kampuni hiyo. Miaka thelathini baadaye bado tunauziwa kwenye flashi.

Ujanja wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unaharibu kwanza ndipo unauza. Ndani ya msconfig, zana ya Windows ya kupanga inavyowaka, kuna mahali pa kuiwekea Windows kikomo cha RAM. Fundi anatia alama, anaandika 4096, na laptop yako ya GB 8 inaanza kujikokota kama ya 4. Ukirudi anakuuzia "kipande kipya", anaondoa alama, na mashine inapona hapo hapo. Umenunua RAM yako mwenyewe. Dalili yake iko chini ya ukurasa wa Memory palipoandikwa Hardware reserved. Kwa kawaida hapo huwa na MB mia kadhaa tu. Ukikuta GB 4 na kitu, shtuka. Nenda kitufe cha Windows na R, msconfig, Boot, Advanced options, ondoa alama kwenye Maximum memory, kubali, washa upya.

Tusimsingizie mtu, lakini: Hardware reserved kubwa ina sababu halali pia. Laptop za AMD hutenga hata GB 2 kwa ajili ya picha, kipande kilicholegea kwenye sloti hakihesabiwi vizuri, na Windows 10 ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4. Hiyo ya biti 32 haihusu Windows 11, ambayo iko ya biti 64 pekee.

Ujanja wa tatu ni wa mkono. Unaacha laptop yenye vipande viwili vya GB 4, unarudishiwa yenye kimoja cha GB 8 kikuukuu. Jumla ni 8 bado, huoni tofauti, ila vipande viwili vilikuwa vikifanya kazi sambamba na picha zilikwenda haraka zaidi. Au anachukua kabisa, unabaki na 4, na lawama anaitupia Windows 11: "Inakula RAM sana hii." Kabla ya kuiacha mashine kwa mtu yeyote, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select Manufacturer, PartNumber, SerialNumber, Capacity

Piga picha kwa simu. Capacity 4294967296 ni GB 4, na 8589934592 ni GB 8. Ukirudi, andika tena na ulinganishe namba za mfululizo, mbele yake. Asiyekuwa na hila hatakasirika.

Ukinunua kipande chenyewe, kishike na usome karatasi yake. Kikiandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2666V ni DDR4, yaani RAM ya aina ya nne; DDR3 ni ya kabla yake. PC3L ni DDR3 ya volti 1.35, na PC3 bila L ni ya volti 1.5. Laptop za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 kwa kawaida zinataka yenye L. Ukitia isiyo na L, skrini inabaki nyeusi au mashine inajizima ovyo, na hapo utaambiwa "bodi imekufa". DDR3 ya laptop ina pini 204, DDR4 ina 260, na pengo lao haliko mahali pamoja, kwa hiyo kisichoingia kisilazimishwe. Halafu tazama pini. Kwa unyevu na chumvi ya hewa ya hapa kwetu, kipande kilichokaa kwenye droo bila mfuko wake huwa na madoa ya kijani au meusi. Doa jepesi hutoka kwa raba ya penseli na spiriti safi. Pini iliyolika, rudisha. Na baadhi ya laptop nyembamba RAM yake imelehemiwa kwenye ubao mkuu, hakuna sloti. Ukiuziwa kipande cha mashine kama hiyo, kitaishia mfukoni mwa fundi.

Karatasi inabandukika na kubandikwa nyingine, na hata taarifa zilizo ndani ya kipande zinaweza kuandikwa upya ili cha 4 kijitaje 8. Kinachokifichua ni kukijaza. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa laptop kwa flashi hiyo, iache izunguke mara nne, ambazo ndizo toleo la bure linaruhusu. Kosa moja jekundu linatosha kukirudisha dukani. Huna flashi? Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched.exe; hicho ni kipimo cha Windows yenyewe, chepesi zaidi lakini si haba.

Jihadharini pia na Windows "nyepesi" inayotembezwa kwa flashi, ile ambayo lazima Defender izimwe ndipo ikubali. RAM inapungua kweli, kwa sababu ulinzi umeondolewa. Huko ndiko nywila za eCitizen na iTax zinakochotwa.

Malipo yaende kwenye till yenye jina la duka, si namba ya simu ya fundi, na risiti iandikwe ukubwa, aina ya DDR na namba ya mfululizo ya kipande. "RAM moja" peke yake haitakusaidia ukienda kudai, iwe ni kwa mwenye duka au Mahakama ya Madai Madogo.

Na waliokwisha wekewa 11 juu ya 10 yao bila kufutwa diski, bado mnayo nafasi ya kurudi: Settings, System, Recovery, Go back. Kitufe hicho kinafanya kazi kwa siku 10 tu, na kinategemea folda iitwayo Windows.old. Fundi akisema anakusafishia takataka kwenye diski siku hizo, mzuie asiiguse.