Uzoefu wangu: helmeti ya mbio za magari, SA2020, baada ya autokrosi tatu

Homa ya mbio niliipata Naivasha mwaka 2022, Safari Rally ile ambayo Toyota walizoa nafasi zote nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Nilirudi Nairobi na vumbi masikioni, nikaiangalia Vitz yangu kwa jicho jingine kabisa. Kwani Yaris waliyoshinda nayo si Vitz iliyobadilishwa jina ng'ambo? Basi ni ndugu.

Rali haikuwa ya mfuko wangu. Nikaanzia autokrosi: njia ya udongo iliyofungwa, unakimbizana na saa. Vitz inaingia kundi la magari ya kuvutwa na tairi mbili, yasiyo na turbo. Pesa yangu ilienda kwenye rimu na ekzosi ya kelele (sasa naona aibu). Helmeti niliinunua wiki ya mwisho, duka fulani mjini, shilingi 9,500. Muuzaji akaniapia: "Hii ni ya rali, bosi."

Siku ya mashindano tukapanga foleni ya ukaguzi. Mzee mkaguzi aliishika betri kwa mikono miwili akaitikisa, akauvuta mkanda kwa nguvu, akainama kuchungulia chini ya viti kama kuna spana au chupa ya maji iliyosahaulika. Halafu akaichukua helmeti, akapenyeza kidole ndani, akakiinua kitambaa cha sponji mpaka kibandiko kikaonekana. M2020.

"Kijana, hii ni ya pikipiki."

Nilidhani ni ukali wa bure. Akanieleza huku akiendelea na gari la nyuma yangu. Vibandiko hivyo ni vya Snell, shirika la Marekani linalopima usalama wa helmeti. M ni ya pikipiki. SA ni ya magari, kitambaa chake cha ndani ni cha kuhimili moto, na imepimwa kwa kugongwa tena na tena kwenye chuma kama bomba la keji, ile fremu ya kumlinda dereva gari likibingirika. Mwendesha boda akianguka anarushwa mbali na mashine yake. Wewe unabaki umefungwa humo humo na petroli.

Dereva mmoja aliyekuwa amemaliza zamu yake aliniazima ya kwake, imelowa jasho la mwenyewe. Nikakimbia hivyo hivyo. Kwenye kona ya pili nilivuta handibreki mapema mno, Vitz ikageuka ikatazama ilikotoka. Watu walicheka sana.

Wiki iliyofuata niliagiza SA2020 ya uso mzima. Pamoja na usafiri na ushuru ilinifikia kwa 42,000, zaidi ya rimu zote. Sasa imekula autokrosi tatu. Inabana mashavu hasa, siku ya kwanza nilitaka kuirudisha, lakini ndivyo inavyotakiwa: ukiitikisa, kichwa kifuate. Ina matundu ya skrubu ya kufungia mikanda ya HANS, kifaa cha kulinda shingo, hivyo siku nikinunua kifaa chenyewe sitahitaji helmeti nyingine.

Kasoro yake kubwa ni joto. Ukingoja zamu yako juani saa saba mchana, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi, ni kama umeingiza kichwa kwenye sufuria. Miwani yangu huingia kwa taabu, lazima nivae helmeti kwanza ndipo niisukume mkono mmoja mmoja. Tundu la kupumulia la kidevuni linaingiza vumbi laini. Sasa navaa kitambaa puani.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ukinunua ya kwako, usimsikilize muuzaji, kunjua sponji usome kibandiko mwenyewe. Na usichukue ya mtumba, maana ikishagongwa povu la ndani huwa limebonyea na kwa nje huoni kitu.

Ile M2020 nilimpa jirani yangu wa boda boda. Haikuwa na kasoro yoyote. Ananiambia inamkaa vizuri, ila abiria wanamwogopa.