Plasta na chingamu ya nikotini: dawa nzuri inayoharibiwa na matumizi mabaya

Mtu akilalamika kwamba chingamu ya nikotini haifanyi kazi, swali la kwanza la kumuuliza ni jinsi alivyoitafuna. Mara nyingi jibu lake linamaliza mjadala: ameitafuna mfululizo kama chingamu ya kawaida, huku akinywa kahawa. Bidhaa tunazozipitia hapa ni mbili za kumsaidia mvutaji kuacha sigara, plasta ya kubandika kwenye ngozi na chingamu ya kutafuna. Zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Tunaziona zinafaa, na zinafaa zaidi zikitumiwa pamoja. Zikishindwa, kwa kawaida dozi ilikuwa ndogo mno au mtumiaji aliacha mapema.

Tuondoe kwanza hofu inayowazuia wengi kuzinunua. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kwenye sigara, lakini mapafu yanaharibiwa na moshi: lami, kaboni monoksaidi, akrolini na maelfu ya kemikali nyingine, ambazo zaidi ya 60 zinajulikana kusababisha saratani. Hakuna kinachoungua ndani ya plasta wala chingamu, kwa hiyo moshi huo haupo. Tofauti nyingine ni kasi. Sigara hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kasi hiyo ndiyo inayonasa watu. Chingamu huchukua kama nusu saa kufika kileleni, plasta saa kadhaa. Usitegemee, basi, kupata raha ile ile ya mvuto wa kwanza wa sigara ya asubuhi. Kazi ya bidhaa hizi ni kupunguza arosto mpaka mwili uzoee kuishi bila sigara.

Chingamu huuzwa kwa nguvu mbili, miligramu 2 na miligramu 4. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka anahitaji ya 4. Anayeweza kungoja zaidi ya hapo, ya 2 inamtosha. Wapo wanaoanza na ya 2 ili mwili uzoee kwanza, na hilo ni kosa, kwa sababu mwili wa mvutaji umeizoea nikotini zamani. Akipewa kidogo kuliko anachokihitaji, siku ya tatu anarudi kwenye pakiti.

Namna ya kuitumia ni hii. Weka kipande mdomoni, tafuna polepole mpaka upate ladha kali kama ya pilipili au ulimi uanze kuwashawasha. Acha kutafuna hapo hapo. Kisukume kipande kati ya shavu na ufizi, kikae kama dakika moja mpaka muwasho upungue, halafu tafuna tena mara chache na ukihamishie upande wa pili. Endelea hivyo karibu nusu saa. Ukiona muwasho haurudi tena, kipande kimekwisha nguvu. Nikotini hii imetengenezwa iingie kwenye damu kupitia ngozi laini ya ndani ya shavu. Ukitafuna bila kupumzika inatoka yote kwa mpigo na unaimeza pamoja na mate. Huko tumboni inaleta kichefuchefu, kwikwi na kiungulia, na sehemu kubwa ya kile kinachofyonzwa inavunjwa na ini kabla haijazunguka mwilini. Unapata madhara yote, na arosto inabaki palepale.

Kahawa, soda, bia na juisi za matunda zina asidi, na mate yakiwa na asidi nikotini haipenyi vizuri kwenye shavu. Usile wala usinywe kitu kingine zaidi ya maji kuanzia dakika 15 kabla ya kuweka kipande mdomoni mpaka utakapokitoa. Sharti hili ndilo linalovunjwa kuliko yote, kwa sababu hamu ya sigara na kikombe cha kahawa huja pamoja. Kunywa kahawa yako kwanza, suuza mdomo, subiri, ndipo uchukue chingamu.

Kwa anayetumia chingamu peke yake, ratiba ya kawaida ni kipande kimoja kila saa 1 hadi 2 kwa wiki 6 za kwanza, visipungue 9 kwa siku. Wiki ya 7 hadi ya 9 ni kila saa 2 hadi 4, na ya 10 hadi ya 12 kila saa 4 hadi 8. Visizidi 24 kwa siku. Fuata saa hata kama hamu haijaja, maana chingamu inachelewa na hamu haisubiri. Udhaifu wa bidhaa yenyewe ni kwamba ni ngumu kuliko chingamu ya kawaida, hunata kwenye meno ya bandia na huchosha taya. Mwenye matatizo hayo atafute vidonge vya nikotini vya kumung'unya, ambavyo havitafunwi kabisa.

Plasta haina mambo mengi. Ile ya saa 24 huja kwa miligramu 21, 14 na 7. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanzia 14 kwa wiki 6, akamalizia na 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele nyingi wala mafuta: mkono kwa juu, kifua au mgongo. Ibonyeze kwa kiganja kama sekunde 10, kisha nawa mikono kabla hujagusa macho. Losheni iliyopakwa muda mfupi kabla ndiyo inayofanya plasta nyingi zibanduke. Kesho yake hamia mahali pengine, na usirudie sehemu ile ile kabla ya wiki kupita, la sivyo ngozi itawasha na kuwa nyekundu. Ukipata ndoto nzito au usingizi ukikataa, ivue unapokwenda kulala na ubandike mpya ukiamka. Usiikate vipande ili idumu. Ivue kabla ya kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), kwa kuwa baadhi zina tabaka la chuma linaloweza kupata moto na kukuunguza.

Tukishauriwa tuchague moja, tunakataa kuchagua. Plasta huweka kiwango cha nikotini sawa kutwa nzima, na chingamu huzima ile hamu inayolipuka baada ya chakula au ukiwa na hasira. Kwa pamoja zinawasaidia watu wengi zaidi kuacha kuliko moja peke yake. Ukiwa na plasta, chingamu itumie pale hamu inapokuja. Ukiteleza ukavuta sigara moja, usivue plasta na kuona safari imeishia hapo, endelea nayo. Kutapika, jasho jingi, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ni dalili za nikotini kuzidi, na hapo ndipo pa kuivua na kupata msaada.

Sasa mapafu. Chingamu hii ilitumika katika utafiti mkubwa ulioitwa Lung Health Study, ulioanza 1986 nchini Marekani na Canada kwa wavutaji 5,887 ambao njia zao za hewa zilikuwa zimeanza kuziba. Kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza hupungua kila mwaka kwa kila mtu mzima. Baada ya miaka 11, wanaume walioacha kabisa walikuwa wakipoteza wastani wa mililita 30 kwa mwaka. Walioendelea kuvuta walipoteza 66. Kwa wanawake ilikuwa 22 dhidi ya 54. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika havikuoteshwa upya na chingamu, na hakuna bidhaa ya kutafuna wala kubandika inayofanya hivyo. Ukiona tangazo la kitu cha "kusafisha mapafu", weka pesa yako mfukoni.

Kikohozi kinaweza kuongezeka wiki za kwanza. Vinywele vidogo vya ndani ya njia za hewa, vilivyokuwa vimelemazwa na moshi, vinaanza tena kusukuma makohozi juu. Wengi huilaumu plasta na kuivua wakati huo huo mapafu yanapoanza kujisafisha. Lakini makohozi yenye damu, au kupungua uzito bila sababu, ni ya kupelekwa hospitali. Angalia pia moshi mwingine unaouvuta. Kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na madirisha, au dirisha linalotazama barabara ya malori, hutoa chembechembe ndogo kuliko mikromita 2.5 zinazoshuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Aliyeacha sigara akabaki kwenye moshi huo atakohoa, na plasta haina kosa.

Jambo moja halisemwi vya kutosha kwenye maboksi. Moshi wa sigara huchochea ini kuvunja dawa fulani haraka, na ukiacha kuvuta, dawa hizo hujikusanya mwilini. Kafeini ni mojawapo: vikombe vile vile vya kahawa vinaanza kukutetemesha na kukunyima usingizi, kwa hiyo vipunguze kwa nusu. Kwa mwenye pumu anayetumia theofilini au aminofilini ni hatari kweli, maana dozi iliyomfaa akiwa mvutaji inaweza kumzidi ndani ya siku chache. Klozapini na olanzapini, dawa za magonjwa ya akili, ni hivyo hivyo. Mwambie daktari tarehe unayoacha kabla haijafika. Mjamzito na aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni pia waanzie kwa daktari.

Plasta iliyotumika bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto. Ikunje pande zenye gundi zigusane, na uitupe asikofika yeye wala mnyama wa nyumbani.