Inveta ya gari la kambi: ulizeni kwanza inakula kiasi gani ikiwa imekaa bure

Mwezi wa Aprili nililala kwa mara ya kwanza katika gari langu la kambi, HiAce ya dizeli iliyostaafu kazi ya matatu, chini ya miti ya msitu wa Kakamega upande wa Buyangu. Katika friji nilikuwa nimeweka ngege sita kutoka Dunga, ambao nilikuwa nimpelekee mama mkwe Kitale siku ya Jumapili. Saa kumi alfajiri ya Jumamosi niliamshwa na mlio mwembamba usiokatika uliotoka chini ya kitanda: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, ilikuwa ikilalamika kwamba betri imekwisha. Friji, iliyounganishwa moja kwa moja na betri hiyo, ilikuwa imejizima mapema usiku, na nilipoufungua mfuniko barafu yote ilikuwa imegeuka maji ya vuguvugu. Kufikia adhuhuri samaki walikuwa wameharibika, nasi tukawafukia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna kitu chochote kilichokuwa kimechomekwa kwenye inveta hiyo. Niliiwasha Alhamisi usiku nyumbani Kisumu ili nichaji kompyuta, nikaichomoa kompyuta, nikaiacha inveta ikiwaka kwa kuamini kwamba kifaa kisicho na mzigo hakitumii umeme. Jumatatu fundi mmoja wa Kibuye aliibana mita yake kwenye waya mnene wa betri, akanionyesha kioo: ampea 2.2. Akasema, "Mama, hii mashine inajila yenyewe."

Tafadhali fanyeni hesabu hii pamoja nami, kwa sababu ndiyo sababu ya makala hii. Ampea 2.2 kwa saa 24 ni takriban ampea-saa 53. Betri yangu wakati huo ilikuwa ya risasi na asidi, ya ampea-saa 100, na betri ya aina hiyo haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu. Maana yake ni kwamba inveta peke yake, bila kuwasha hata taa, ilikuwa na uwezo wa kuimaliza akiba yangu yote kwa siku moja. Tangu nilipolieleza jambo hili, wasomaji kadhaa wa Nakuru na Eldoret wameniandikia kwamba walikwisha kununua betri ya pili, wengine paneli ya tatu, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye inveta.

Miongozo mingi hukufundisha kuchagua inveta kwa kuangalia wati zake, na hilo sitalirudia hapa, kwa kuwa kila mtu anajua kujumlisha wati za vifaa vyake. Ninachosisitiza ni kwamba inveta kubwa huwa na kiu kubwa hata ikiwa imekaa bure. Aliyenunua ya wati 2000 "kwa usalama", na huku anachaji kompyuta na kusaga matunda mara moja kwa siku, analipia ukubwa huo kila saa, mchana na usiku. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, iwashe inveta dukani ikiwa imeunganishwa na betri, usichomeke kitu, kisha pima mkondo kwenye waya wa betri. Hakikisha mita ya kubana unayotumia inaweza kupima mkondo wa DC, yaani umeme wa betri, kwani nyingi za bei nafuu hupima AC, yaani umeme wa nyumbani, pekee na zitakuonyesha sifuri, nawe utadhani umepata kifaa cha ajabu. Kwangu mimi, inveta inayozidi ampea 1 ikiwa imekaa bure haiingii katika gari.

Nafasi ya kwanza naipa Victron, na sioni haya kusema kwamba naipendelea. Hii ni kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1975, na sababu yangu ya kuipenda ni kwamba inachapisha matumizi ya bure, yaani umeme unaoliwa bila mzigo wowote, katika karatasi ya maelezo ya kila inveta. Kwa gari la watu wawili nachagua Phoenix 12/800 (ya volti 12 na volti-ampea 800), ambayo hutumia takriban wati 6.5 ikiwa haina mzigo, yaani kiasi cha ampea-saa 13 kwa siku nzima badala ya zile 53 zilizoniulia samaki. Ina pia hali ya ECO, ambapo inveta husinzia na kuamka kila baada ya sekunde chache kuangalia kama kuna mzigo, na matumizi hushuka hadi takriban wati 1. Hali hiyo inafaa kwa kompyuta na mashine ya kusagia, ila friji za umeme wa nyumbani zenye vidhibiti vya kielektroniki huweza kuchanganyikiwa nayo. Jambo jingine ambalo wachache hulitaja ni kwamba ina tundu dogo la kuunganishia swichi ya mbali. Fundi wangu alipitisha waya mbili nyembamba nyuma ya ubao, akaweka swichi ya kawaida ya taa kando ya mto wangu, na sasa kuizima inveta ni sawa na kuzima taa kabla ya kulala.

Karatasi hiyohiyo inakiri kwamba 12/800 hutoa wati 650 katika joto la nyuzi 25, na 560 joto likifika nyuzi 40. Anayeishi Kisumu na kufunga inveta ndani ya kabati lisilo na matundu ya hewa aihesabie tarakimu ya pili, ingawa mwenzake wa Nakuru anaweza kuitegemea ya kwanza bila wasiwasi mkubwa.

Nafasi ya pili ni vituo vya umeme vya kubeba, kama vile EcoFlow Delta 2 yenye wati-saa 1024, ambamo betri, inveta na chaja vimo katika sanduku moja. Vina kitufe cha kuwasha na kuzima upande wa AC peke yake, na hilo linaondoa nusu ya tatizo langu. Nimeviweka nyuma ya Victron kwa sababu kitu kimoja kikiharibika ndani ya sanduku unabaki bila umeme wote, na ukiwa Homa Bay au Mlima Elgon fundi wa jirani hataweza kukufungulia.

Ya tatu ni inveta za mseto za kuning'inizwa ukutani, zile zinazouzwa kwa ajili ya nyumba, zenye inveta, chaja na kidhibiti cha paneli ndani ya kifaa kimoja. Ni imara na zina uwezo, lakini nyingi hutumia hadi wati 50 zikiwa hazina mzigo, nazo ni zaidi ya ampea 4 katika mfumo wa volti 12 na zaidi ya 2 katika mfumo wa volti 24. Nyumbani, penye paneli nane juu ya paa, hasara hiyo haionekani. Ndani ya gari ni maafa.

Ya mwisho ni zile za bei ya chini zenye umeme wa wimbi la ngazi, yaani unaoruka hatua kwa hatua badala ya kupanda na kushuka kwa ulaini, ambazo hufanya mota kuunguruma na kupata joto. Yangu ilikuwa mojawapo. Msinunue.

Sehemu nyingine za mfumo zinahitaji maneno machache tu. Betri iwe ya lithiamu ya aina ya LiFePO4. Ya ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1280, na karibu zote zinatumika. Katika gari langu friji ya kompresa ya volti 12, taa, simu na kompyuta hula takriban wati-saa 620 kwa siku, hivyo nina siku mbili bila jua. Onyo la miongozo ya Ulaya kuhusu kutochaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri halitusumbui huku. Paneli ya wati 200 ilazwe bapa juu ya paa bila kuhangaika na vyuma vya kuinamisha, kwa kuwa ikweta inapita Maseno na jua letu la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Kumbukeni tu kwamba mvua za alasiri za ziwani hukata saa nyingi za jua, na kivuli cha Kakamega hukata zote.

Kwa hiyo nategemea sana mwendo wa gari lenyewe. Chaja ya betri kwa betri ya ampea 30 huchukua umeme wa alternata, jenereta inayozungushwa na injini, kwa kiasi kilichodhibitiwa, maana lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja huweza kuvuta mkondo mkubwa hadi alternata ikaungua. Safari ya Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho huchukua takriban saa 3 na nusu, muda unaotosha kuijaza betri ya ampea-saa 100 iliyokuwa karibu tupu. Waya wa inveta usipungue milimita mraba 25 na uwe mfupi, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, kwa sababu uchungu wangu haujaisha. Duka lililoniuzia ile inveta ya kwanza lilikataa kuipokea, wakanionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilipouliza matumizi ya bure ni kiasi gani, kijana wa kaunta alinijibu kwamba inveta haitumii umeme, inatengeneza umeme. Boksi lilisema wati 2000 kwa herufi kubwa, ilhali hicho ni kilele cha sekunde chache, na uwezo wa kudumu, ambao ni nusu yake, ulikuwa umechapishwa ubavuni kwa herufi za kusoma kwa miwani. Duka la pili lilikataa hata kufungua boksi ili nipime. Mtu anayetaka shilingi elfu kadhaa zangu kwa kifaa cha umeme hana haki ya kukizuia kisipimwe umeme.

Mwishowe nilipata muuzaji mmoja Nakuru aliyekubali. Alileta betri, akaziweka inveta tatu mezani, tukapima moja baada ya nyingine: 1.9, 1.1, na Victron 0.6. Nilimwomba aandike kipimo hicho kwenye risiti, naye akaandika kwa mkono "ampea 0.6 bila mzigo", akapiga muhuri juu yake. Nimeibandika risiti hiyo ndani ya mlango wa kabati la betri.