TAHADHARI: mnaokuja Jinja kuona daraja la Nile, hakuna kitu kinaitwa tiketi ya daraja

Wandugu wa Nairobi, Kisumu, Mwanza, Goma, na nyie wa Kampala mnaokuja wikendi na watoto, someni hii kabla hamjapanda gari. Pale Jinja hakuna tiketi ya daraja. Hakuna kibali cha picha kinachouzwa barabarani. Mtu akikusimamisha karibu na daraja jipya akataka kukuuzia kimojawapo, huyo ni tapeli, hata kama amevaa rifleketa na ana kitabu cha risiti na kalamu sikioni.

Naandika kwa sababu juzi wamemlia hela shangazi yangu na wageni aliokuja nao kutoka Nakuru, watu wazima na akili zao, mmoja ni mwalimu mstaafu, na nilivyouliza vijana wa boda hapa wakaniambia eeh hao jamaa tunawajua, na wanaowatafuta sana ni watu wa Kiswahili. Mzungu wanamwogopa kidogo maana anakuja na dereva wake na kampuni yake. Mganda atawajibu kwa Luganda au Lusoga na maneno yataishia hapo hapo. Lakini wewe ukishuka tu unasema "aisee cheki hizo nyaya", wameshajua ni mgeni, una hela ya safari, na bei za huku huzijui.

Daraja lenyewe mnalijua kwa picha, lile la nyaya nene. Lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, urefu mita 525, Njeru upande mmoja na Jinja upande wa pili, na mkopo wa Japani ndio uliobeba gharama kubwa. Ni barabara ya umma kabisa. Malori ya Mombasa yanapita hapo usiku na mchana yakienda Kampala na hayalipi hata shilingi, geti la kulipia barabara ukilitaka nenda ile njia ya Entebbe. Sasa kama lori la kontena halilipi, wewe na miguu yako miwili unalipia nini?

Ila tapeli hajajitungia kila kitu, kuna ukweli kidogo ndani na hapo ndipo anapokunasa. Ulinzi pale ni mkali kweli. Kabla ya hili daraja magari yote yalikuwa yanapita juu ya bwawa la umeme, lile la Owen Falls la 1954 ambalo siku hizi ni Nalubaale, na pale ukitoa kamera tu askari anakuja mbio. Watu wa huku tumekua tukijua picha kwenye maji ya Jinja ni kesi. Na mgeni naye ameshasikia. Kwa hiyo jamaa hauzi picha, anauza huo woga.

Shangazi alivyonisimulia, kijana alikuja na adabu zote, akainama kidogo.

"Mama, karibu sana Jinja. Picha hapa ni kosa, wakikukuta wanachukua simu. Lakini tuko na kibali, elfu ishirini kila simu, naandika sasa hivi mnaendelea."

"Na ofisi yenu iko wapi mwanangu?"

"Kampala, mama. Hapa tumewekwa kusaidia wageni."

Ofisi yenyewe ni kiti cha plastiki chini ya mti. Risiti ninayo hapa mbele yangu, ina karatasi ya kaboni nyuma, muhuri wa bluu uliokaa upande umeandikwa BRIDGE na nyota mbili, basi, hakuna jina la ofisi, hakuna namba, hakuna jina la aliyepokea. Hela wakaambiwa watume kwa simu, na jina lililotokea kabla ya kubonyeza ni la mwanamke fulani, mwalimu akauliza huyu ni nani, akajibiwa ni keshia wetu. Hapo mngesimama. Malipo ya serikali kuu Uganda yana namba yake ya malipo, ile PRN, unapewa kwanza halafu unalipa benki au kwa simu, na hela inaingia serikalini, haiendi kwenye laini ya mtu. Ukiona jina la binadamu limetokea pale kwenye simu, ujue hela inaenda kwa huyo binadamu.

Simu tano, laki moja ya Uganda imeenda hivyo.

Wakapanda darajani na risiti mkononi wakaanza selfi. Hawakumaliza hata dakika tano, askari wa kweli, mwenye bunduki, akaja akawaambia weka simu, songa mbele. Shangazi kwa kujiamini akamwonyesha risiti. Anasema yule askari aliisoma mbele na nyuma, akamwita mwenzake naye aje aisome, wakaangaliana wakacheka, halafu akamrudishia akamwambia mama weka hiyo karatasi nyumbani. Nampa heshima yule askari, hakuomba kitu.

Kurudi chini, mwenye rifleketa hayupo na kiti hakipo. Yupo mwingine sasa, mpole zaidi, anasikitika nao. "Pole sana, hao ni wahuni, wanatuharibia jina. Mimi niko na boti, nitawapeleka kwenye chanzo chenyewe, picha mpige mpaka mchoke." Bei? "Elfu tatu tu kwa kichwa." Mtu wa Nakuru akisikia elfu tatu na anajua yuko Uganda anapiga hesabu haraka, ah, hii ni kama shilingi mia na kitu kwetu, twende. Huyu wa pili na yule wa kwanza wako pamoja, vijana wa boda wamenihakikishia, wanagawana jioni.

Boti haikuwa pale kwenye bustani ya Source of the Nile ambako kuna geti na watu wa mapokezi, ilikuwa kwenye majani pembeni, laifjaketi nne kwa watu watano na moja buckle yake imefungwa kwa kamba ya manila. Wakazungushwa, wakaonyeshwa maji yanayochemka chemka, wakaambiwa hapa ndipo Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, aliyaona maporomoko ya Ripon mwaka 1862. Hiyo ni kweli, ila hakuwaambia kwamba maporomoko yenyewe yalizama bwawa lilipojengwa, kwa hiyo mlivyokuwa mmekaza macho kutafuta maporomoko jueni hamkuwa na tatizo la macho.

Kufika ukingoni ndio kisanga. Boti imesimama mita chache kabla ya nchi kavu, injini imezimwa. "Elfu tatu za Kenya. Nyie si Wakenya?" Piga hesabu mwenyewe, shilingi moja ya Kenya ni kama 27 au 28 za huku, kwa hiyo kichwa kimoja ni zaidi ya elfu themanini, na watu ni watano. Wameomba, wamelia, mwalimu amepandisha sauti, jamaa anachezea simu yake tu. Shangazi akanipigia. Nikaenda na chairman wa steji ya boda, mzee mmoja hana mchezo, akasimama ukingoni akawaita kwa Lusoga majina ya baba zao mmoja mmoja, boti ikasogea. Tukalipa elfu sitini jumla tukaondoka. Ile laki ya vibali haikurudi, namba haipatikani.

Na kabla hawajaondoka bado mtu wa tatu akawafuata na picha kwenye simu, maji meupe yanaruka na mwanaume anateremka humo amekumbatia jerikeni, eti kesho niwapeleke Bujagali muone. Hiyo picha ni ya zamani jamani! Vijana kweli walikuwa wanaruka yale maporomoko na jerikeni watalii wanawapa hela, lakini maji ya bwawa la Bujagali yaliyafunika, na bwawa limezinduliwa 2012. Siku hizi pale ni ziwa limetulia, pazuri kwa kukaa na soda, lakini anayekuuzia maporomoko ya Bujagali anakuuzia kitu kilichoko chini ya maji.

Sisemi msije. Njooni, na watu wa maboti wengi pale ni watu wa kazi, wanajua mto na wanajua ndege wote kwa majina. Ila ingieni kwa geti la bustani, la upande wa Jinja au lile la upande wa Njeru kwenye mnara wa Speke, lipeni hapo, chukueni risiti yenye jina. Bei ya boti itajwe kwa sauti "shilingi za Uganda", tena muulize ni ya boti nzima au ya kichwa, ni ya kwenda na kurudi au vipi, na hela itoke mkishakanyaga ardhi. Darajani tembeeni kwa njia ya miguu ya pembeni, msisimamishe gari katikati, na picha mwulizeni askari aliye zamu, akisema hapana ni hapana, hakuna wa kumnunua.

Ukikwama piga 999, na Uganda kuna polisi wa utalii, uliza kituo chochote watakuelekeza. Sisi tumeshaandikisha maelezo na namba iliyopokea hela tumeiacha huko, hapa siiweki kwa sababu laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu asiyejua chochote. Afande alituambia shida watu wanaolizwa wanavuka mpaka wanarudi kwao bila kulalamika. Kama na wewe una risiti yenye ule muhuri wa bluu wa nyota mbili niandikie inbox nikupe namba ya kesi uongeze yako, hata kama uko Eldoret sasa hivi.